Malalamiko ya wanamichezo wakati wa wimbo wa taifa

Malalamiko ya wanamichezo wakati wa wimbo wa taifa ni vitendo vinavyofanywa na wachezaji au wanariadha, mara nyingi bila kusema neno, pale wimbo wa nchi yao unapopigwa uwanjani. Baadhi hupiga goti, wengine huinamisha kichwa, huinua ngumi, huziba mdomo au hukaa kimya badala ya kuimba. Karibu kila mara watazamaji hugawanyika: wapo wanaoona taifa limedharauliwa, na wapo wanaoona mchezaji ametumia nafasi pekee ambayo hakuna anayeweza kumkatiza.

Katika Afrika ya Mashariki na Kati mfano unaojulikana zaidi ni ule wa timu ya taifa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2024. Tanzania ilipita njia nyingine: serikali ndiyo iliyoamua, si mwanamichezo. Katika habari hiyo wamo watu wawili wa Mkoa wa Mara, yaani Julius Nyerere wa Butiama na mwanariadha Suleiman Nyambui wa Majita, Musoma.

Chanzo cha desturi hii

Tukio linalotajwa kwanza ni la tarehe 16 Oktoba 1968 katika Olimpiki ya Mexico City. Wamarekani Weusi Tommie Smith na John Carlos, washindi wa dhahabu na shaba katika mita 200, waliinamisha vichwa na kuinua ngumi zenye glavu nyeusi wakati wimbo wa Marekani ukipigwa. Mwaustralia Peter Norman, aliyepata fedha, alivaa beji ya kuwaunga mkono. Smith na Carlos waliondolewa kwenye michezo, na waliporudi nyumbani walipata vitisho vya kuuawa. Heshima wanayopewa leo ilikuja miaka mingi baadaye.

Mwaka 2016 Colin Kaepernick, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, alianza kwa kukaa kwenye benchi wimbo ukipigwa, akipinga ukatili wa polisi dhidi ya watu Weusi. Baada ya kuzungumza na Nate Boyer, aliyewahi kuwa mwanajeshi, alibadili na kupiga goti, kwa sababu goti lilionekana kuwa na heshima zaidi. Badiliko hilo halikuwatuliza waliokasirika. Msimu ulipokwisha hakuna timu iliyomsajili tena, na Rais Donald Trump alitaka waziwazi wachezaji wa namna hiyo wafukuzwe.

Kongo, Februari 2024

Tarehe 7 Februari 2024 Kongo ilicheza na Cote d'Ivoire katika nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika huko Abidjan. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji waliziba midomo kwa kiganja kimoja, na kwa mkono mwingine wakaelekeza vidole viwili kwenye panja kama bastola. Maana yake ilieleweka bila mkalimani: watu wanauawa mashariki mwa Kongo na dunia imenyamaza. Siku hizo waasi wa M23 walikuwa wakipigana karibu na mji wa Sake, na maelfu ya watu walikuwa wakikimbilia Goma. Kocha Mfaransa Sébastien Desabre alisema lengo lilikuwa kuonyesha mshikamano na waathiriwa. Mshambuliaji Cédric Bakambu naye aliwataka watu waizungumzie Kongo kwa nguvu ileile wanayoizungumzia michuano.

Kongo ilifungwa 1–0 kwa bao la Sébastien Haller, lakini picha iliyozunguka dunia ni ya wachezaji waliosimama na midomo iliyozibwa. Wakongo wa nyumbani na wa ughaibuni waliirudia ishara hiyo, na siku chache baadaye waandamanaji wa Kinshasa walizilenga balozi za nchi za Magharibi wakizilaumu kwa ukimya.

Tofauti na Marekani inaonekana hapo. Kaepernick aliishitaki nchi yake mwenyewe, na wimbo ukawa kama shahidi wa upande wa pili. Wakongo waliitetea nchi yao, wimbo ukiwa upande wao, hivyo serikali ya Kinshasa haikuwa na sababu ya kukasirika. Pengine ndiyo maana ishara ilipokelewa vizuri, ingawa haikuuliza lolote kuhusu wajibu wa serikali hiyo yenyewe kwa watu wa Kivu.

Watanzania waliifuatilia michuano hiyo kwa karibu, kwani Taifa Stars ilikuwa kundi moja na Kongo na timu hizo zilitoka 0–0 huko Korhogo tarehe 24 Januari.

Tanzania: kususia badala ya ishara

Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini, wiki chache baada ya mauaji ya wanafunzi wa Soweto. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikataa kuiondoa New Zealand katika Michezo ya Montreal, ikisema raga si mchezo wa Olimpiki. Tanzania chini ya Nyerere ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kujitoa, na nchi nyingine zaidi ya 20, nyingi zikiwa za Afrika, zikasusia pia.

Gharama ilimwangukia Filbert Bayi. Mwaka 1974 huko Christchurch alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500, dakika 3:32.2, mbele ya John Walker wa New Zealand. Montreal, bila Bayi, dhahabu ilichukuliwa na Walker.

Februari 1980 Marekani ilimtuma Muhammad Ali kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow. Jijini Dar es Salaam waandishi walimuuliza kwa nini Marekani haikuiunga mkono Afrika mwaka 1976, na Nyerere hakukubali kumwona. Tanzania ilikwenda Moscow. Bayi alipata fedha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Nyambui fedha katika mita 5000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Wimbo hupigwa kwa mshindi wa dhahabu tu, kwa hiyo medali hizo ziliipandisha bendera bila Mungu Ibariki Afrika kusikika.

Wimbo wa taifa na sheria

Swali la kumlazimisha mtu kuimba liliamuliwa nchini Tanzania kwa kesi ya wanafunzi, si wanamichezo. Wanafunzi wa sekondari Mashahidi wa Yehova mkoani Mbeya waliadhibiwa, baadhi kwa kufukuzwa shule, kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa kwa sababu za dini. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa ushindi, ikiona adhabu hizo zilikiuka uhuru wa kuabudu uliomo katika Katiba.