Jina Kwenye Lebo ni la Nani?

Kwenye kanga za zamani kutoka Mombasa, mbali na ujumbe uliosomwa na kila mtu, palikuwa na alama ndogo: K.H.E. – Mali ya Abdulla. Herufi tatu za mwanzo ni za Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara ambaye duka lake lilianza mwaka 1887. Abdulla ni jina ambalo wateja walimzoea nalo. Mwanamke aliyeingia dukani hakuwa na haja ya kujua K.H.E. ni nini, aliulizia kanga za Abdulla, akapewa.

Kila mbunifu anayeanza kujitegemea leo hukutana na uamuzi huo huo wa jina, awe anabuni mavazi, vito, samani au nembo za kampuni. Atumie jina alilopewa na wazazi? Achukue jina la utani la mtaani? Au atunge neno jipya kabisa? Wengi huamua usiku mmoja, wakati wa kufungua ukurasa wa Instagram, na uamuzi huo huwafuata miaka ishirini.

Jina halisi lina nguvu yake. Mustafa Hassanali, Mtanzania aliyesomea udaktari kabla ya kuhamia kwenye mitindo, aliweka jina lake kwenye nguo zake. Alipoanzisha maonyesho yanayokusanya wabunifu wengine mwaka 2008, aliyaita Swahili Fashion Week. Nguo ni zake, kwa hiyo zinabeba jina lake. Jukwaa ni la wengi, kwa hiyo lina jina linalomruhusu mbunifu mwingine kupanda jukwaani bila kujiona mgeni.

Nairobi, Ann McCreath alichukua njia nyingine. Lebo aliyoianzisha mwaka 1996 aliiita KikoRomeo, neno ambalo kila msemaji wa Kiswahili analitambua papo hapo na mgeni hapati shida kulitamka. Binti yake, Iona, alipokuja kushika usukani wa ubunifu, jina la lebo halikuhitaji kubadilika. Lebo inayobeba jina la mtu ina mtihani zaidi hapo, kwa sababu wateja wake wamezoea kumtaka mwenyewe: yeye apime, yeye akate, yeye apokee simu. Akiugua au akisafiri, kazi hulala.

Kuna suala la ulimi na jicho pia. Mchoraji aliyebuni nembo ya IBM alizaliwa Brooklyn mwaka 1914 akiitwa Peretz Rosenbaum. Enzi hizo jina la Kiyahudi liliweza kumfungia kijana milango ya ofisi za matangazo, naye akajiita Paul Rand: herufi nne, kisha herufi nne. Jina likakaa sawa kama nembo alizokuja kuzichora.

Kuchekesha nako kuna mipaka. Mwaka 1970 Kenzo Takada, Mjapani aliyehamia Paris, alifungua duka na kuliita Jungle Jap. Ufaransa jina hilo lilionekana la utani tu. Marekani, sehemu yake ya pili ilikuwa tusi walilorushiwa watu wa asili ya Japani, hasa wakati wa Vita Kuu ya Pili, na Wajapani wa huko wakalipinga. Lebo ikaishia kuitwa Kenzo. Mbunifu wa Dar es Salaam anayetaka kuuza Muscat, Kigali au London hana budi kuuliza wenyeji wa huko kabla ya kuchapisha lebo elfu moja.

Wengine hukimbilia maneno ya kawaida: kikoi, kiondo, urembo, mitindo. Ni mazuri, ila ni vigumu kuyamiliki, kwa kuwa alama ya biashara inatakiwa kutofautisha bidhaa ya mtu mmoja na za wenzake. Katika miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno “Kikoy” nchini humo. Wakenya na watetezi wa biashara ya haki walipinga, wakisema hilo ni jina la vazi la pwani nzima, na ombi likaachwa. Anayelitaka neno la aina hiyo afadhali aliambatanishe na jingine lililo lake peke yake.

Baada ya hapo yanakuja makaratasi, na hapa ndipo wengi huchanganya mambo mawili. Tanzania Bara, jina la biashara huandikishwa kwa wakala wa usajili, BRELA. Kenya, huandikishwa kupitia tovuti ya serikali, eCitizen. Sheria za nchi zote mbili humwacha huru anayefanya biashara kwa jina lake halisi bila nyongeza, lakini akitia neno jingine mbele au nyuma, anapaswa kuliandikisha. Uandikishaji huo unaonyesha nani anafanya biashara. Haumpi haki ya kumzuia fundi wa mtaa wa pili kushona lebo yenye jina lile lile.

Kinachompa haki hiyo ni usajili wa alama ya biashara, unaofanywa kwa madaraja ya bidhaa: mavazi na viatu daraja la 25, mikoba ya ngozi la 18, vito la 14. Kenya kazi hiyo hufanywa na taasisi ya mali ya ubunifu, KIPI, na usajili hudumu miaka 10. Tanzania Bara ni BRELA tena, miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar ina ofisi yake, hivyo alama iliyosajiliwa Dar es Salaam haimlindi mwenye duka Mji Mkongwe.

Jina likishasajiliwa, huwa mali, na mali huuzwa. Hapo ndipo waliotumia majina wanayojulikana nayo wameumia zaidi. Mfaransa Hervé Peugnet alishauriwa na Karl Lagerfeld ajiite Hervé Léger, akapata umaarufu kwa magauni yanayobana mwili kama bandeji. Kampuni ya Marekani ilipoinunua lebo yake mwishoni mwa miaka ya 1990, aliondolewa, na jina likabaki na wanunuzi. Lagerfeld akampa jina la tatu, Leroux, aanze upya.

Hayley Paige, mbunifu wa magauni ya harusi huko Marekani, alisaini mkataba wa ajira na JLM Couture mwaka 2011 uliohusisha pia matumizi ya jina lake. Walipokosana mwaka 2020, mahakama ilimzuia kulitumia kibiashara, na ugomvi ukafika hadi kwenye akaunti ya Instagram yenye wafuasi zaidi ya milioni moja. Mbunifu anayeletewa mkataba na mwekezaji ana maswali matatu ya kumuuliza wakili kabla ya kushika kalamu: jina litakuwa la nani siku tukiachana, akaunti za mitandao zimefunguliwa kwa barua pepe ya nani, na nitaruhusiwa kutia saini ipi kwenye kazi zangu za baadaye? Paige alirudishiwa jina lake Mei 2024, baada ya kampuni kuingia kwenye mchakato wa kufilisika na pande mbili kupatana. Kabla ya hapo alikuwa akibuni viatu, na jina alilolitumia lilikuwa Cheval.