Kuanza Kazi Kati ya Vijana: Usifiche Afya Yako

Mara nyingi tunapozungumza habari za afya tunataja magonjwa: malaria, kuhara, kichocho na mengineyo. Leo tuangalie jambo ambalo si ugonjwa, lakini lisipoangaliwa huweza kuzaa ugonjwa. Nalo ni hili: mtu mzima kuanza kazi mahali ambapo wenzake wote, pamoja na mkuu wake, ni wadogo kwake kwa umri.

Hapa kwetu Mara jambo hili si geni. Yupo mama aliyelea watoto mpaka wakakua, na sasa amepata kazi ya kupika katika shule ya bweni huko Bunda. Yupo baba aliyevua samaki ziwani kwa miaka mingi, kisha akaacha nyavu na kuwa mlinzi mjini Musoma. Yupo mtumishi wa Serikali aliyestaafu akiwa na miaka 60, akarudi kwao Butiama, halafu shule binafsi ikamwita afundishe kwa mkataba. Wote hawa huwakuta kazini vijana wa miaka 25 au 30, na hao vijana ndio wanaoijua kazi.

Je, mtu huyu afanye nini ili kazi hiyo mpya imsaidie, isije ikamwondolea afya yake?

Mfano wa mama mmoja

Tuchukue mfano. Mama mmoja, muuguzi mwenye miaka 51, amekaa nyumbani miaka tisa akimhudumia mama yake mzazi aliyepooza. Baada ya mazishi anaajiriwa katika kituo kimoja cha afya. Kiongozi wa zamu yake ni kijana wa miaka 28. Kila asubuhi kijana huyo humwamkia, "Shikamoo, mama," naye huitika, "Marahaba, mwanangu." Kisha huyo mwanawe humpangia kazi ya siku.

Mama huyu ana mambo matatu ambayo hamwambii mtu. Kwanza, hazioni vizuri herufi ndogo. Akipewa chupa ya dawa husema, "Hebu nisomee hapa, mikono yangu ina maji." Pili, ana shinikizo la damu, na kidonge anachotumia humpeleka haja ndogo mara kwa mara. Kwa kuogopa kuchekwa, siku za zamu hakimezi. Tatu, hajaielewa kompyuta ya kuandikisha wagonjwa. Siku ya kwanza alionyeshwa mara moja, harakaharaka, akaitikia kwa kichwa. Tangu hapo hakuuliza tena. Zamu ikiisha hubaki peke yake akirekebisha aliyoyakosea, na hufika nyumbani amechoka, hana hamu ya kula.

Usiku mmoja anavuta insulini ya mgonjwa wa kisukari. Karatasi inasema yuniti 8, yeye anasoma 18. Bahati njema, hapo kazini insulini hukaguliwa na watu wawili kabla ya kuchomwa. Kijana analitazama bomba la sindano, anaitazama karatasi, kisha anasema kwa sauti ya chini, "Mama, hebu tuangalie tena pamoja." Mgonjwa amepona. Bila ukaguzi ule sukari yake ingeshuka mno, na huenda asingeamka.

Kosa lilikuwa wapi? Halikuwa katika miaka 51. Macho ya miaka 51 yanahitaji miwani tu. Kosa lilikuwa katika kuficha.

Kwa nini tunaficha

Katika makabila yetu ya Mara, rika lina uzito wake. Mtu humjua aliyemtangulia na humjua anayemfuata. Mdogo ndiye anayetumwa, mkubwa ndiye anayetuma. Sasa kazini mambo hugeuka, mdogo humtuma mkubwa. Kijana huona haya kumsahihisha mtu wa rika la mama yake. Mama naye huona haya kusahihishwa na mtoto. Basi wote wawili hunyamaza, na kosa hupita katikati yao.

Kuna na mzigo mwingine. Wahenga walisema ukubwa ni jalala. Vijana wakigombana humletea mama kesi zao, wakiishiwa humkopa, wakichoka humwomba awashikie zamu. Naye hushindwa kukataa, maana yeye ni "mama wa wote". Mwezi ukiisha amechoka kuliko wote.

Mtu anayeishi kila siku na hofu ya kuonekana hajui, mwili wake hauna raha. Moyo hupiga haraka, usingizi hukatika, tumbo huunguza, kichwa huuma. Mwenye shinikizo la damu huenda likampanda zaidi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwili hubadilika namna gani

Yafaa tuyajue mabadiliko ya umri ili tusiyaonee aibu.

*Macho.* Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hupoteza ulaini wake, na kuona vitu vya karibu huwa shida. Karibu kila mtu hupatwa na hali hii, awe mkulima au askofu. Tiba yake ni miwani ya kusomea. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani waliwazidi wenzao wasiopewa katika kuongeza uchumaji wao, kwa kiasi cha asilimia 20 hivi. Watu ni walewale na chai ni ileile. Kilichoongezeka ni miwani tu.

*Masikio.* Sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza, na penye kelele nyingi ni vigumu kufuata mazungumzo. Kijana akidhani mama hamjali, huenda hakumsikia.

*Usingizi.* Mwili wa mtu mzima hauzoei upesi zamu ya usiku kama wa kijana.

*Mgongo na magoti.* Kunyanyua ndoo au gunia kwa nguvu ili kuwaonyesha vijana kwamba bado unaweza, ni njia ya haraka ya kuumia.

*Kukoma hedhi.* Akina mama wengi hufikia hatua hii kati ya miaka 45 na 55. Joto la ghafla, jasho na kukosa usingizi si ugonjwa wala si aibu, ila huchosha. Zikizidi, mwone mganga.

*Shinikizo la damu na kisukari.* Upimaji wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi huwa hawajui, kwa sababu halina dalili mpaka limeharibu moyo, figo au ubongo. Vipimo vikirudiwa na kuonyesha 140 kwa 90 au zaidi, unahitaji matibabu.

Kichwa bado kinajifunza

Wengi husema, "Mimi nimezeeka, kompyuta siiwezi." Maneno hayo si kweli. Mtu mzima huhitaji muda zaidi kujifunza jambo jipya kabisa, lakini akilipata, huliunganisha na yale anayoyajua. Mwaka 1984 mtaalamu wa Marekani, Timothy Salthouse, alitoa matokeo ya kuwapima wapiga chapa wa umri wa miaka 19 hadi 72. Vidole vya wazee vilichelewa kuitikia, lakini mwisho wa yote walichapa kwa kasi sawa na vijana. Siri yao ilikuwa kusoma maneno ya mbele zaidi kabla mkono haujafika. Uzoefu ulifidia upungufu wa mwendo.

Na sisi wenyewe tunao ushahidi wa nyumbani. Kati ya mwaka 1968 na 1972, Mara ilikuwa miongoni mwa mikoa ya Kanda ya Ziwa iliyokuwa katika mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima uliosaidiwa na UNESCO. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Babu na bibi zetu waliketi kwenye madawati ya watoto, na mara nyingi mwalimu alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1975 walikuwa wamebaki asilimia 39. Wazee wale hawakupungukiwa heshima kwa kufundishwa na vijana.

Mambo ya kufanya

1. *Pima kabla hujaanza kazi.* Nenda ukapimwe macho, shinikizo la damu na sukari. Usinunue tu miwani barabarani, kwa maana presha ya macho huharibu macho kimyakimya, na muuza miwani hawezi kuigundua.

2. *Mwambie mkuu wako mapema, kwa maneno machache.* Kwa mfano: "Mwanangu, naona vizuri nikivaa miwani, na kompyuta hii ni mpya kwangu. Naomba unielekeze polepole." Si lazima kueleza kila ugonjwa ulio nao. Sema lile linalohusu kazi na usalama.

3. *Uliza siku ileile.* Kuuliza si ujinga. Beba daftari dogo, andika hatua moja moja, kisha fanya mwenyewe huku mwenzako akikutazama. Ukionyeshwa tu bila kufanya, utasahau.

4. *Usiache dawa kwa ajili ya zamu.* Kama kidonge kinakusumbua kazini, mwambie daktari. Anaweza kubadilisha saa ya kumeza au aina ya dawa. Usijipangie mwenyewe.

5. *Kula chakula chako.* Vijana wakiagiza chipsi mayai na soda kila mchana, si lazima uwafuate ili uonekane mwenzao. Ugali kiasi, dagaa, mboga na tunda, vilivyobebwa kutoka nyumbani, vinakufaa zaidi. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai.

6. *Nyanyua kwa akili.* Piga magoti, karibisha mzigo kifuani, na kama ni mzito ita mtu. Kijana mwenye busara naye hufanya hivyo.

7. *Toa ushauri ukiombwa, au penye hatari.* Kila saa kusema "sisi zamani tulifanya hivi" huwachosha wenzako. Na ukiombwa mkopo usioweza kuutoa, kataa kwa upole.

Neno kwa vijana na waajiri

Ewe kijana unayemwongoza mtu wa rika la wazazi wako, shikamoo peke yake haitoshi. Mfundishe polepole, umsahihishe faraghani, wala usimfanyie kazi yake kwa kumhurumia, kwa maana hapo hatajifunza. Lakini penye hatari kwa mgonjwa au kwa yeyote, sema papo hapo, kwa sauti ya heshima. Kunyamaza mbele ya kosa si adabu.

Nanyi waajiri, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya umri wake. Aidha, anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo ana haki ya kupumzika dakika 60. Kumsaidia mtu mzima hakuhitaji fedha nyingi. Mwaka 2007 kiwanda cha magari cha BMW huko Dingolfing, Ujerumani, kiliwaweka pamoja wafanyakazi ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 47, kikawauliza nini kinawaumiza. Yakafanyika mabadiliko madogo 70 hivi: sakafu ya mbao, viti vya kupumzikia, maandishi makubwa, lenzi za kukuza. Katika mwaka mmoja kazi yao iliongezeka kwa asilimia 7. Kwetu sisi, kiti kimoja jikoni, taa yenye mwanga wa kutosha na maandishi makubwa ukutani ni mwanzo mzuri. Vijana nao watavifurahia.

Turudi kwa mama yetu

Baada ya usiku ule, kijana anamwita pembeni. Mama anajua anakwenda kufukuzwa. Kijana anasema, "Mama, naomba unisamehe. Tangu wiki ya kwanza niliona husomi vizuri, nikaona haya kukuambia." Ndipo mama naye anaeleza yote matatu. Anapimwa macho na kupata miwani. Daktari anambadilishia dawa. Kwa wiki mbili wanakutana robo saa kabla ya zamu, yeye na kijana na ile kompyuta.

Siku nyingine analetwa mtoto mchanga anayehema kwa shida. Kijana ameinama anamwandikisha. Mama anamfunua mtoto nguo, anaona kifua kinavuta ndani kila anapohema. "Mwanangu, acha kuandika," anasema. "Huyu apelekwe kwenye oksijeni kwanza." Kijana anaacha kuandika.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yupo baba, mama au mjomba anayeanza kazi kati ya vijana, msomeeni makala hii, na mwezi huu mmoja wenu amsindikize zahanati akapimwe.