Msingi wa Tangi la Maji



Hapa Juba mto Nile uko karibu, lakini wengi wetu tunanunua maji ya gari. Wenye busara huchanga fedha, wakaweka tangi moja uani. Ni jambo jema. Ila tukiliweka juu ya udongo mtupu, mvua ikija litalala upande.

Tukumbuke: lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5. Likianguka laweza kuua mtoto, na jasho letu limemwagika.

Basi tufanye hivi. Kwanza, tuondoe udongo wa juu na mizizi mpaka ardhi ngumu. Udongo mweusi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, tuutoe wote. Tujaze udongo mwekundu wa changarawe, sentimita 15 kila tabaka, tuunyunyizie maji na kuushindilia.

Pili, tumwage zege: ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto. Unene uwe sentimita 15, na upana uzidi kitako cha tangi pande zote. Tupime usawa kwa pimamaji.

Tatu, tulimwagilie zege siku 7, wala tusijaze tangi kabla ya siku 28. Tuchimbe mfereji wa kupitisha maji ya mvua.

Kazi hii si ya mtu mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tushirikiane, nyumba kwa nyumba.