Bakteria watengenezao plastiki, na viriba vya Mbozi

Baadhi ya bakteria hutengeneza plastiki ndani ya miili yao, na kwao plastiki hiyo ni akiba ya chakula tu. Bakteria mwenye sukari tele lakini aliyepungukiwa na naitrojeni au fosforasi hawezi kukua wala kugawanyika. Sukari inayobaki huigeuza kuwa punje za plastiki iitwayo PHB na kuzitunza ndani ya seli, kama mnyama anavyotunza mafuta mwilini. Seli hizo zikitiwa rangi ya maabara na kutazamwa kwa hadubini, punje huonekana kama madoa meusi yaliyosongamana. Mfaransa Maurice Lemoigne ndiye aliyezieleza mwaka 1926, baada ya kuchunguza Bacillus megaterium. Anayetegemewa zaidi siku hizi ni Cupriavidus necator, ambaye akilishwa vizuri hadi asilimia 80 ya uzito wake mkavu huwa plastiki.

Kiwandani bakteria hulishwa kwa awamu mbili. Kwanza hupewa kila kitu ili wazaliane ndani ya tangi, kisha naitrojeni hukatwa huku sukari ikiendelea kumiminwa. Wakishanenepa, seli hupasuliwa, punje huoshwa na kukaushwa, na kinachobaki ni unga mweupe unaoyeyuka kwenye joto la nyuzi 175 hivi za Selsiasi. Hapo kuna doa: njia ya zamani ya kuzitoa punje hutumia klorofomu, kemikali ambayo si rafiki wa mazingira hata kidogo. Tena PHB tupu huvunjika upesi, ndiyo maana huchanganywa na jamaa zake wa kundi la PHA ili inyumbulike.

Kampuni ya Uingereza ya ICI iliingiza plastiki hii sokoni kwa jina la Biopol, na mwaka 1990 chupa za shampuu za Wella zilizotengenezwa kwayo zikauzwa Ujerumani. Bei ndiyo iliyoikwamisha. Kilo moja ya PHB hula karibu kilo tatu za sukari, ilhali plastiki ya mafuta ya petroli ni rahisi mara kadhaa. Sifa yake kubwa haina ubishi: ikifukiwa kwenye udongo wenye uhai, vijidudu huimeng'enya hadi ikabaki hewa ya ukaa na maji. PLA, plastiki nyingine inayotokana na sukari ya mahindi iliyochachushwa na bakteria, haiozi upesi hivyo. Huhitaji mboji yenye joto la nyuzi karibu 60.

Kwa Tanzania jambo hili lina uzito wa kisheria. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku bila kujali unene wake, na msafiri anayeingia kupitia mpaka wa Tunduma kutoka Nakonde, Zambia, hatakiwi kuvuka nayo. Mifuko hiyo, maarufu kama rambo, iliuachia nafasi mfuko mbadala. Wengi hudhani mfuko huo ni kitambaa, kumbe ule uliozoeleka madukani ni nyuzi za polipropilini, nayo ni plastiki isiyooza. Marufuku hayo hayakugusa vifungashio vya kilimo, dawa na viwanda.

Katika mkoa wa Songwe, sukari ya kuwalisha bakteria haipaswi kutoka kwenye mahindi, ambayo ni chakula na ni biashara kubwa ya Tunduma. Inaweza kutafutwa wilayani Mbozi, kwenye kahawa. Kahawa mbivu ikimenywa, maganda huchukua asilimia 40 hivi ya uzito wake, na ute unaofunika punje za kahawa una sukari. Maganda yakirundikwa hovyo huvunda, na maji ya kuoshea kahawa yakiingia mtoni humaliza hewa inayohitajiwa na samaki. Wanasayansi wamekwisha kuwalisha Cupriavidus necator mafuta yaliyokamuliwa kwenye machicha ya kahawa wakapata PHB. Maganda ni kazi ngumu zaidi: lazima sukari itolewe kwanza, na kafeini na tanini zisiwadhuru bakteria. Msimu nao ni mfupi, na tangi haliwezi kukaa tupu miezi iliyobaki.

Kwa hiyo kuanza na mfuko wa sokoni ni kuanza na bidhaa ambayo bei yake haishindiki. Nyuzi za upasuaji za jamii hii ya plastiki, zilizoruhusiwa Marekani mwaka 2007, zimepata soko kwa sababu mgonjwa hulipia kazi ya uzi, si uzito wake. Kwa Songwe, bidhaa yenye maana ni viriba vya miche ya kahawa na parachichi. Leo kiriba huchanwa shambani na plastiki yake huachwa pembeni mwa shimo. Cha PHA kingefukiwa pamoja na mche na kuozea hapohapo, na mkulima angeweza kukilipia bei ya juu kidogo kwa sababu mizizi haitikiswi wakati wa kupanda.