Zawadi Izaayo

Chama kidogo cha kusaidia wanavijiji wa nchi za mbali huanza kwa watu wachache sana. Pengine ni watu saba au kumi, wanaokutana jioni baada ya kazi zao. Mmoja huwa mwenyekiti, mmoja mwandishi, na mmoja mtunza hazina. Katika Uingereza viongozi kama hao huitwa wadhamini, maana wamekabidhiwa mali isiyo yao, na kwa kawaida hawalipwi mshahara. Watu wengi hudhani ya kuwa kazi yao ni nyepesi, kwani kila mtu aweza kutoa. Lakini kutoa ni jambo moja, na kutoa vema ni jambo jingine. Habari za Dan West zaonyesha tofauti hiyo.

Dan West alikuwa mkulima wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1893. Alikuwa mtu wa kanisa liitwalo Church of the Brethren, ambalo tangu zamani lilifundisha watu wake wasipigane vita. Katika mwaka 1936 watu wa Hispania walianza kupigana wao kwa wao, na vita vile vikaendelea hata mwaka 1939. Dan West akaenda huko pamoja na wenzake, si kupigana, bali kuwagawia chakula wale walioumizwa na vita.

Kazi yake mojawapo ilikuwa kugawa maziwa kwa watoto. Kila mtoto alipewa kikombe kimoja. Walakini maziwa hayakutosha watoto wote, ikawa lazima kuchagua nani apewe na nani asipewe. Kazi hiyo ilimwumiza moyo sana, kwa sababu alijua ya kuwa mtoto asiyepewa pengine hataishi. Tena hata yule aliyepewa leo alirudi kesho na njaa ile ile, akishika kikombe kitupu.

Ndipo Dan West alipofikiri ya kuwa watu hao hawahitaji kikombe cha maziwa tu, bali wahitaji ng'ombe. Kikombe kikinywewa kimekwisha. Ng'ombe hula majani, ambayo mtu hawezi kuyala, akayageuza kuwa maziwa. Samadi yake hulisha shamba. Na zaidi ya hayo, ng'ombe huzaa.

Aliporudi kwao katika jimbo la Indiana, aliwaeleza wakulima wenzake shauri hilo. Hawakuwa matajiri, lakini walikuwa na ng'ombe na mashamba. Wakafanya kamati, wakapatana hivi: mkulima mmoja atoe ndama, mwingine amlee, mwingine alete chakula chake, hata ndama awe mtamba mwenye mimba. Mtamba ni ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Walichagua mitamba kwa sababu ng'ombe wa namna hiyo, akiisha fika na kuzaa, humpa mwenyewe maziwa na ndama pamoja.

Kisha wakaweka sharti moja, na sharti hilo ndilo kiini cha habari hii. Kila apokeaye mtamba lazima ampe jirani mhitaji ndama jike wa kwanza atakayezaliwa. Jirani naye, ng'ombe wake akizaa, hufanya vivyo hivyo. Hivyo zawadi moja hutoka nyumba hata nyumba, na yule aliyepokea hageuki kuwa mwombaji wa siku zote. Siku anapompeleka ndama kwa jirani yake, yeye mwenyewe huwa mtoaji, na heshima yake husimama. Dan West aliona ya kuwa msaada unaomwacha mtu na aibu si msaada kamili.

Mwaka 1942 kamati kuu ya misaada ya kanisa lao ilikubali shauri hilo. Lakini wakati huo vita vikuu vya pili vilikuwa vikiendelea, na haikuwezekana kupeleka ng'ombe Ulaya. Viongozi hawakukata tamaa, wakatafuta njia nyingine. Mwaka 1944 mitamba 17 ilipelekwa katika kisiwa cha Puerto Rico, ikapewa jamaa maskini. Vita vilipokwisha, merikebu nyingi zilichukua farasi na ng'ombe kwenda Ulaya, na watu wapata 7,000 walijitolea kuwahudumia wanyama hao baharini. Dan West alikufa mwaka 1971. Chama kile, ambacho sasa huitwa Heifer International, hakikubaki kidogo, bali kimefanya kazi katika nchi nyingi. Hata katika Tanzania mpango wa namna hiyo umejulikana kwa maneno haya: kopa ng'ombe, lipa ng'ombe.

Wakulima wa Uingereza nao walifanya jambo linalofanana na hilo. Katika miaka ile sheria za Ulaya ziliwazuia wakulima wasitoe maziwa kupita kiasi kilichowekwa, hata wengine wakawa na ng'ombe wasiowahitaji. Wakati huo watu wa Uganda walikuwa wametoka katika vita virefu, na mifugo mingi ilikuwa imepotea. Mwaka 1988 wakulima wachache walianzisha chama kilichoitwa Send a Cow, yaani Peleka Ng'ombe, wakapeleka ng'ombe wa maziwa Uganda kwa ndege.

Lakini ng'ombe peke yake hatoshi. Ng'ombe wa maziwa asiye na banda, maji na majani ya kutosha hudhoofika, na mwenyewe huhuzunika kuliko siku alipokuwa hana kitu. Kwa hiyo watu hufundishwa kwanza. Hujenga banda, hupanda majani ya kulisha, na hujifunza kutia samadi shambani. Ng'ombe huja baadaye.

Mwaka 1996 ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulisababisha ng'ombe wa Uingereza kukatazwa kupelekwa nchi nyingine. Ingekuwa rahisi viongozi kukifunga chama chao. Badala yake walinunua wanyama katika Afrika yenyewe, wakazidisha mafundisho ya kilimo. Ndipo ilipoonekana wazi ya kuwa jambo kubwa halikuwa ndege wala ng'ombe wa Ulaya, bali maarifa na bidii ya wenye shamba. Mwaka 2022 chama hicho kilibadili jina, kikaitwa Ripple Effect, yaani mfano wa mawimbi madogo yanayoenea jiwe likitupwa majini.

Basi, kiongozi mwema wa chama cha namna hii hujulikana kwa mambo matatu. Kwanza, huwasikiliza wanavijiji kabla ya kuamua, kwani wao ndio waijuao ardhi yao na mahitaji yao. Pili, huandika kila kitu kilichopokewa na kila kitu kilichotumika, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Na mtu maskini aliyetoa senti yake ana haki ya kujua imekwenda wapi. Tatu, hutazamia siku ambayo msaada wake hautahitajiwa tena. Kiongozi apendaye kushukuriwa kila mwaka na watu wale wale amejifanyia kazi mwenyewe.

Wazee husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Asemaye hivyo hamfukuzi mgeni, bali humhesabu kuwa mtu wa nyumbani, mwenye mikono na nguvu kama wengine. Dan West aliwahesabu vivyo hivyo wale waliosimama mbele yake na vikombe vitupu.