Mota Nzima, Reli Nzima, Mwendo Mbovu

Kichwa cha treni ya mfano kimetoka kwenye boksi leo. Kinawekwa relini, kinasita, kinarukaruka, kisha kinaacha mabehewa nyuma. Mwenyewe huilaumu mota. Lakini mara nyingi mota ni nzima na reli ni nzima. Kasoro imejificha pale vitu viwili vinapokutana: gurudumu na reli, plagi na dikoda (kifaa cha kupokea amri za dijitali), ndoano na ndoano. Mpenzi wa treni ndogo anayejua kukagua makutano hayo, moja baada ya jingine, ataokoa pesa nyingi.

Tuanze na upana. Kipimo kilichoenea zaidi duniani ni HO, kinachopunguza treni halisi mara 87. Reli ya milimita 1,435, kama ile ya SGR ya Kenya na Tanzania, ikipunguzwa hivyo inakuwa milimita 16.5. Waingereza wana OO, inayopunguza mara 76, lakini nayo hutembea juu ya reli hiyohiyo ya 16.5, kwa sababu mota za zamani hazikuenea ndani ya treni zao nyembamba. Kwa hiyo kichwa cha OO kitapita salama kwenye reli ya HO, ila kikifungwa na mabehewa ya HO kitaonekana jitu. Kupita reli moja ni jambo moja, kulingana kwa umbo ni jingine, na mnunuzi ayaulize yote mawili.

Anayetamani kujenga mfano wa Reli ya Kati ya zamani au TAZARA ana nafuu isiyopatikana kwenye reli halisi. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000 na TAZARA 1,067. Kwa milimita hizo 67, shehena hulazimika kuhamishwa Kidatu, reli hizo zinapokutana, kutoka treni moja kwenda nyingine. Zikipunguzwa mara 87, tofauti haifiki hata milimita moja, na reli ya mfano ya milimita 12 hutumika kwa zote mbili.

Upana ukishakubaliana, uliza umeme. Mfumo wa kawaida hupeleka mkondo mnyoofu, hadi volti 12 hivi, kupitia reli mbili; ukigeuza chanya na hasi, treni inarudi nyuma. Märklin ya Ujerumani ilishika njia nyingine: reli zote mbili ni upande mmoja wa umeme, na upande wa pili unapita kwenye vijipini katikati ya mataruma, ambavyo kichwa huvigusa kwa bamba lililo chini ya tumbo lake. Magurudumu yake ya kawaida hayakutenganishwa kwa plastiki. Yaweke kwenye reli za mkondo mnyoofu, papo hapo ni shoti.

Siku hizi wengi wamehamia mfumo wa dijitali wa DCC. Humo reli zina umeme wakati wote, unaogeuka maelfu ya mara kwa sekunde ukibeba amri, na dikoda ndani ya kila kichwa husikiliza amri yake peke yake. Kichwa kisicho na dikoda kisiachwe juu ya reli hizo: mota hulia na kupata moto, na zile ndogo zisizo na kiini cha chuma huungua upesi. Kinyume chake, vichwa vingi vyenye dikoda hukubali mkondo mnyoofu, lakini huchelewa kuondoka kwa sababu dikoda yenyewe inahitaji volti kadhaa kabla ya kuamka.

Kisha kuna gurudumu. Chama cha Marekani, NMRA, kilichoundwa mwaka 1935, na shirikisho la Ulaya, MOROP, lililoanza mwaka 1954, vimeandika vipimo ili treni ya kiwanda kimoja ipite reli ya kingine. Treni za zamani zina magurudumu yenye kingo ndefu. Kwenye reli yenye kimo cha milimita 2.5 hupita bila tabu. Kwenye reli yenye kimo kidogo zaidi, kingo hizo hugonga vichwa vya misumari na treni yote hutetemeka. Kona nazo zina sheria yake: kichwa kirefu chenye ekseli nyingi, kikilazimishwa kwenye kona kali, kitaacha reli hata kama kila kitu kingine ni sawa.

Jaribio gumu kuliko yote ni kufunga vichwa viwili pamoja. Mota na gia hutofautiana, basi chenye kasi humburuta mwenzake, magurudumu yanateleza na mota zinapata moto. Usivifunge kwanza. Viweke kwenye duara moja, mita moja kati yao, uvipe umeme sawa, kisha uangalie kama kimoja kinamkaribia mwenzake. Kwenye DCC unaweza kurekebisha dikoda: thamani namba 2 ni ya kuondokea, namba 6 ni ya mwendo wa kati na namba 5 ni ya kasi ya juu. Rekebisha chenye kasi kimfuate cha polepole, kwa kuwa kasi hupunguzwa kirahisi, lakini haiongezwi kupita uwezo wa mota.

Ubora wa kichwa hupimwa kwa mwendo wa taratibu. Treni ya mizigo inayokwenda kilomita 40 kwa saa, kwa kipimo cha HO, hutumia karibu sekunde 8 kumaliza mita moja. Wengi huikimbiza mara tatu ya hapo, na kasi huficha maradhi. Punguza kasi, kisha isome treni. Ikisimama mahali palepale kila mzunguko, tatizo ni reli: kiungo kilicholegea, au kipande cha plastiki pale reli zinapogawanyika. Ikisimama popote bila mpangilio, magurudumu ni machafu; yasafishe kwa kitambaa chenye spiriti safi. Ikidunda kwa mdundo usiobadilika, chunguza gia, kwani gia ya plastiki ikipasuka kwenye ekseli hutoa ishara hiyohiyo kila mzunguko. Na ikiteleza ikivuta mabehewa, huenda ringi za mpira zimechakaa. Ringi hizo huongeza nguvu ya kuvuta, lakini kila gurudumu lililovikwa mpira halichukui umeme.

Kwa hiyo fuata mpangilio: upana, umeme, gurudumu, kona, ndoano, kisha mwendo wa taratibu. Bisibisi ya kufungulia bodi ishikwe mwisho, baada ya hayo yote kujibiwa. Vichwa vingi vilivyohukumiwa kuwa vibovu havitafika huko.