Je, Wajua? Tembo Huyu Hana Mkonga

Je, wajua kwamba katika "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji" hakuna mnyama hata mmoja? Tembo hapa ni pombe ya mnazi, na mgema ndiye apandaye juu kuigema. Huku Tengeru, Arusha, minazi hatuna, ila magari ya watalii yanapita barabara kuu kila siku, basi sikio likisikia tembo linaona mkonga. Nilipoulizwa maana yake darasa la nne, nilijibu kwamba mgema ni mfugaji wa tembo, na ukimsifia mnyama wake anakwenda kumwogesha. Darasa zima likaniunga mkono. Sarufi ingetuokoa: methali inasema "hulitia", ile -li- ni ya pombe. Angekuwa mnyama tungesikia "humtia". Wala usimwite mgema yule anayetengeneza mbege ya jirani zetu wa Kilimanjaro. Mbege ni ya ndizi na ulezi, hupikwa, haigemwi.

Je, wajua mbeleko imezaliwa na kitenzi gani? Kueleka, yaani kubeba mtoto mgongoni au ubavuni. Ndiyo maana methali ni "Asiye na mwana aeleke jiwe", si "aelekee jiwe", kana kwamba maskini yule anatumwa kutembea hadi kwenye jiwe fulani. Ni mwito wa kila mtu kutoka: huna mtoto wa kubeba, beba hata jiwe, mradi usibaki nyumbani. Nenda soko la Tengeru Jumatano au Jumamosi uone kina mama waliopanga ndizi chini, watoto mgongoni. Wanaeleka tangu alfajiri. Kitendo kipo, kitenzi ndicho tulichokisahau.

Mwamba nao una mtego wake. Ukikulia chini ya Mlima Meru, wenye zaidi ya mita 4,500, mwamba kwako ni jiwe kubwa. Lakini "Mwamba ngoma huvutia kwake" inamsema mtu anayewamba, anayetandaza ngozi juu ya ngoma na kuikaza. Jiwe halivuti kitu.

Je, wajua kwamba "Mkamia maji hayanywi" haihusu kukama ng'ombe? Kukamia ni kukazania jambo kwa pupa. Na katika "Mchelea mwana kulia hulia yeye" hamna punje ya mchele: kuchelea ni kuogopa.

"Mwenda tezi na omo marejeo ngamani." Wengi huku bara wakisikia tezi hushika shingo. Tezi ya methali hii ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni pale chini ndani yanapokusanyika maji yanayovuja. Baharia azunguke atakavyo, mwisho atarudi kuyakumba hayo maji. Mitumbwi ya Ziwa Duluti haina ngama, kwa hiyo hatuna wa kumlaumu. Methali ilipanda kutoka pwani, chombo kikabaki bandarini.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" hutumika sana kumfukuza mgeni. Sikubaliani. Jembe hupewa mwenyeji. Ukimpa mgeni, umemfanya mtu wa nyumbani. Tengeru inalijua hilo. Kuanzia mwaka 1942 walipokelewa hapa maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto, waliopelekwa Urusi kwa nguvu, kisha wakapitia Uajemi kukimbia mateso ya vita. Kambi yao ilikuwa na shule, kanisa na shamba, na ilidumu takriban miaka 10. Wengine hawakuondoka kabisa: makaburi yao yako papa hapa.

Sasa haraka haraka, maana nafasi inaisha. Kula chumvi nyingi ni kuishi miaka mingi. Kutia chumvi ni kuongeza uongo kwenye habari. Babu aweza kuwa na zote mbili. Kupiga chuku nako ni kutia chumvi, wala hakuna chuki ndani yake; chuku ni pembe ya kuumikia. Kupiga moyo konde ni kujipa ujasiri, na konde hilo ni ngumi, si shamba. Mwenye mkono mrefu ni mwizi, mwenye mkono wa birika ni mchoyo, mwenye mkono wazi ni mkarimu. Ukiichanganya mikono hii msibani utagombana na ukoo mzima. Aliyemwaga unga hakudondosha gunia, kafukuzwa kazi. Aliyevaa miwani, macho yake huenda ni mazima, ila kalewa.

Na Jumamosi hii sokoni ukisikia kijana wa jirani kapata jiko, usimwulize ni la gesi au la mkaa. Kaoa. Mpe hongera.